Mwongozo wa kurudisha ujirani mtaani kwa akili za kamati ya harusi

Kuna asubuhi moja nilitoka nyumbani nikakuta turubai limefungwa nyumba ya nne kutoka kwangu, vijana wanashusha viti kwenye kenta, nikajua kuna sherehe, nikawasalimia nikapita zangu kuwahi daladala. Jioni narudi nasikia kilio. Kumbe mzee wa ile nyumba alikuwa amefariki tangu juzi yake, na mimi pale naishi mwaka wa sita. Nikaenda kuandikisha rambirambi, kufika kwenye daftari ikabidi nimuulize kijana kwa sauti ya chini, eti marehemu alikuwa anaitwa nani? Aisee, alivyoniangalia yule kijana sijasahau mpaka leo.

Hapo ndipo nilipoanza hii kazi, na haya ninayoandika ni ya mtaani kwetu huku pembezoni mwa Dar, maeneo haya mapya ambayo kila mtu amenunua kiwanja chake, amejenga ukuta, ameweka geti jeusi na mbwa, anatoka saa kumi na moja alfajiri anarudi saa tatu usiku. Kama uko kijijini au uko kwenye nyumba za kupanga za Manzese mambo yako yanaweza kuwa tofauti kidogo ila hatua nyingi zitakufaa.

Kwanza tuelewane kitu kimoja kuhusu kwa nini watu wamejitoa. Wazee husema watu wa siku hizi wana roho mbaya, mi sikubali. Hao hao watu wenye roho mbaya, jirani yangu mmoja wao, juzi kachangia harusi ya mtoto wa mfanyakazi mwenzake laki mbili, na akahudhuria vikao vitano mfululizo kila Jumapili jioni kwenye baa moja huko Sinza, na akikosa kikao anatuma udhuru! Mwambie sasa atoe elfu tano ya mfereji. Atakwambia "hiyo si kazi ya serikali?" Kwahiyo mtu wa kutoa yupo, muda upo na hela ipo. Tatizo ni kwamba mchango wa harusi una kadi, una tarehe, una mweka hazina anayesoma ahadi mbele za watu, unakula na kucheza siku ya mwisho, alafu, hii ndo muhimu kuliko zote, kuna kikao cha kuvunja kamati. Mnakaa, mnasomewa mapato na matumizi, mnakula mbuzi wa kilichobaki, mnaachana. Michango ya mtaa haina hata kimoja kati ya hivyo. Unatoa ya ulinzi, unatoa ya taka, unatoa ya dawati, hujui imeishia wapi, mwezi ujao mtu yuleyule yuko getini na kitabu cha risiti.

Na yapo mengine. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 wazazi wengi walielewa kwamba shule sasa ni ya serikali kila kitu, hata wale waliokuwa wanaenda kusomba mchanga wa darasa wakaacha, na vikao vya wazazi vikabaki na akina mama wachache. Nyumba kumi nayo (kila nyumba kumi zina kiongozi wao, balozi), ambayo ilianza enzi za TANU miaka ya sitini, ilibaki mikononi mwa chama tawala, CCM, baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, kwahiyo ukimwambia mtu "balozi" anawaza kadi ya chama na sio jirani. Wapangaji nao hawahesabiwi, wanaonekana wapita njia hata kama wamekaa miaka kumi.

Basi twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Andika nyumba zako kumi

Chukua kaunta buku, ile ndogo tu. Chora njia yenu, weka vibanda vyote, nyumba kumi za karibu, tano huku na tano kule. Kila nyumba andika jina la baba au mama mwenye nyumba, wapangaji, na kama kuna mzee au mgonjwa. Utashangaa. Mimi nilipokaa kuandika nilijaza nyumba tatu tu, zilizobaki niliandika "wa geti la bluu", "mama mwenye Vitz", "wale wa kuku". Miaka sita hiyo!

Usiite hiyo orodha nyumba kumi mbele za watu, wataanza kukuuliza umetumwa na nani. Kenya walilifufua hilo jina baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013 na wao linaenda na mambo ya usalama, lakini kwetu jina limeshabeba siasa. Wewe andika kimya kimya, hii ni ya kwako.

Hatua ya 2: Piga hodi bila kuomba hela

Hii ndo ngumu na ndo watu wengi wanairuka. Jumamosi au Jumapili jioni, kama saa kumi na moja, watu wameshapumzika, unavaa nguo ya kawaida, unapita nyumba mbili. Mbili tu. Usiende na kitabu wala kalamu mkononi maana ukionekana na kalamu umeshakuwa mtu wa michango, mtoto atatumwa aseme baba hayupo na wewe unamsikia baba anakohoa ndani.

Unasemaje? Sema ukweli. "Shikamoo mama, mi ni jirani yako wa hapo kwenye mwembe, tumekaa miaka hatujuani nikaona leo nije nisalimie." Basi. Ukikaribishwa kaa dakika kumi, ukipewa maji kunywa, usikatae hata kama huna kiu. Kuna maswali mawili tu ya kuuliza kabla hujaaga, moja, "hapa mtaani kitu gani kinakukera zaidi?" na la pili, "ikitokea shida usiku, unampigia nani?"

Swali la pili ndo linafungua watu. Yule mama wa Vitz alinyamaza kwanza, akasema yeye akiugua usiku atampigia dada yake aliye Mbagala. Kutoka kwetu mpaka Mbagala usiku ni mwendo wa saa nzima na zaidi. Wakati nyumba inayofuata kuna jamaa ana gari na hana neno kabisa, hawajuani tu. Nikawaunganisha namba. Hiyo peke yake, hata kama ungeishia hapo usifanye kingine chochote, tayari umefanya kazi.

Mimi ilinichukua wiki sita kumaliza nyumba kumi na zingine nilirudi mara mbili. Nyumba moja sikukaribishwa mpaka leo, tunasalimiana getini. Sawa tu.

Hatua ya 3: Tafuta kero moja ndogo, ya kumaliza siku moja

Ukishapita utakuwa na orodha ya kero. Kwetu zilikuja barabara, taka, vibaka, maji, muziki wa baa, na shimo. Watu wa kujitolea wana ugonjwa wa kuchagua kubwa, mtu anasema tuanze na barabara ya lami, mnakaa miaka miwili mnaandika barua, mnachoka, mnaachana na mnabaki mnadaiana lawama. Chagua shimo.

Shimo letu lilikuwa pale kona, mvua ikinyesha bajaji zinazama, watoto wa shule wanavua viatu. Kila mtu analiona kila siku, likifukiwa kila mtu ataliona limefukiwa, linahitaji tripu mbili za kifusi na asubuhi moja ya watu wenye mikono. Hivyo ndo vigezo vyenyewe: kinaonekana, kinaisha, na hakihitaji saini ya mtu yeyote mkubwa. Mwenyekiti wa mtaa mpe taarifa kwa heshima kabla hujaanza, mpigie au nenda ofisini kwake, sio kwamba unaomba ruhusa ya kufukia shimo ila hutaki asikie kwa watu kwamba kuna kundi linakusanya hela mtaani kwake. Na mwalike.

Hatua ya 4: Unda kamati, na siku hiyohiyo panga siku ya kuivunja

Hapa sasa ndo akili ya harusi inaingia. Watu watatu wanatosha. Mwenyekiti asiwe wewe. Narudia, asiwe wewe uliyeanzisha, mpe mtu ambaye mtaa unamheshimu, kwetu alikuwa mwalimu mstaafu wa kike, ukimwona unajipanga mwenyewe. Mweka hazina awe mtu mwenye biashara inayoonekana, duka au saluni, maana akikimbia mnajua pa kumpata, na pia mtu anayepita kununua chumvi anaacha na mchango wake hapohapo. Wewe kuwa katibu, ubaki na daftari.

Alafu tangazeni kitu ambacho mtaa haujawahi kusikia. Kamati hii ni ya wiki tatu, tarehe fulani tunafukia shimo na jioni yake kamati inavunjwa. Watu wakasikia "inavunjwa" mabega yakashuka, maana wanachoogopa sio elfu kumi, wanaogopa elfu kumi ya kila mwezi mpaka kiama.

Ahadi ziandikwe na zisomwe, kama harusini. Lakini hapa kuwa na adabu, usiwasome waliotoa kidogo kwa namna ya kuwaumbua. Sisi tulisoma majina bila kiasi. Jina lako likisomwa umo, lisiposomwa unajua mwenyewe. Na asiye na hela aandikwe amechangia nguvu, jembe moja ni sawa na elfu kumi, na mpangaji asiandikwe chini ya mwenye nyumba wake, aandikwe jina lake mwenyewe. Hiki kitu kidogo kilitupatia vijana saba ambao hata sikujua wanaishi pale.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla ya watu kuanza kwenda kwenye harusi na misiba ya mbali. Nchi yetu tulishazoea usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, toka ile tarehe 9 Desemba 2015 Magufuli alivyofuta gwaride la Uhuru watu wakashika mafagio. Miezi ya mwanzo ilikuwa moto, alafu ikabaki kufunga maduka mpaka saa nne huku watu wamekaa ndani wanasubiri muda upite. Rwanda umuganda wao, yaani kazi ya pamoja ya jamii, ni wa kisheria, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mwenye miaka 18 mpaka 65 anatakiwa atoke, na watu wanatoka. Ila ukitaka ujirani amri haitakusaidia, mtu akija kwa kuogopa faini atakuja na ufagio bila maongezi. Babu zetu Upareni walikuwa na msaragambo, baragumu likipulizwa unatoka kuchimba mfereji, lakini mfereji ulikuwa unaleta maji shambani kwako. Faida ulikuwa unaiona kwa macho.

Mambo ya kuandaa: kifusi kimwagwe Ijumaa jioni, kisije asubuhi, dereva wa tripu akichelewa watu wataondoka. Toroli mbili. Machepe azimaneni. Chai ya rangi sufuria kubwa na mihogo ya kuchemsha na kachumbari, na hii usiidharau, kulikuwa na mtu kwenye kamati alitaka tuiondoe eti tubane matumizi, nikamwambia harusi bila chakula nani atakuja? Kazi iliisha saa nne kasoro. Watu walikaa na vikombe vyao mpaka saa sita. Yale masaa mawili ya kukaa juu ya ndoo na matofali, watu wanacheka, mwenye baa anaambiwa usoni kuhusu muziki wake na yeye anajitetea, ndo yalikuwa mradi wenyewe. Shimo lilikuwa kisingizio tu.

Watakaokuja kusimama na mikono mfukoni waache. Wape kazi ya kuzuia bodaboda zisipite.

Hatua ya 6: Soma hesabu siku hiyohiyo, alafu vunja

Kabla watu hawajaondoka, wameshika vikombe bado, katibu anasimama na kaunta buku. Zetu zilikuwa hivi: tulikusanya 213,000. Kifusi tripu mbili 160,000, chai, sukari, mihogo na kachumbari 28,000, kukodi toroli 10,000. Jumla 198,000, imebaki 15,000. Karatasi ya risiti ikazunguka mkono kwa mkono, mzee mmoja akavaa miwani akaisoma yote kama mtihani.

Alafu mwalimu akauliza hii kumi na tano tuifanye nini? Pakawa kimya. Nadhani watu walikuwa hawajawahi kuulizwa swali hilo toka wahamie hapo. Mtu akasema taa ya kona, ikanunuliwa taa, ikafungwa kwenye ukuta wa nyumba ya kona na mwenyewe akasema umeme ni wangu. Kamati ikavunjwa kwa makofi. Na pale pale, bila mimi kusema kitu, jamaa mmoja akauliza, sasa mfereji lini?

Ukifika hapo usikubali kamati ileile iendelee, hata kama mmefanya vizuri na watu wanawasifia. Chagueni watu wengine watatu kwa ajili ya mfereji. Wa kwanza wapumzike. Hivyo ndani ya mwaka mtakuwa na watu tisa au kumi na mbili walioshika hela ya mtaa na kuirudisha na hesabu, na mtu aliyewahi kusimama kusoma hesabu ndo huyo huyo ambaye kesho hakubali kudanganywa na mwingine.

Hatua ya 7: Group la WhatsApp, lije mwisho

Umeona nimeliweka la saba. Wengi wanaanza nalo, wanaunganisha watu mia mbili ambao hawajawahi kuonana, wiki ya kwanza salamu, wiki ya pili fowadi za dawa ya vitunguu saumu, wiki ya tatu siasa, wiki ya nne watu wanaleft. Group ni la watu ambao wameshakunywa chai pamoja.

Sheria zetu ziko tatu tu: shida, taarifa ya mtaa, na kitu kilichopotea. Asubuhi njema hapana, mahubiri hapana, biashara siku ya Ijumaa tu (hiyo ilidaiwa na akina mama wa vitumbua, na wana haki). Maadmini wawe watatu na mmoja awe kijana. Na wako wazee hawana simujanja, kila mmoja apewe jirani wa kumpelekea habari kwa mdomo, andikeni kwenye daftari nani anampelekea nani.

Hatua ya 8: Msiba

Sasa tumefika kwenye mzizi. Ukitaka kujua mtaa una uhai angalia mtu akifiwa saa nane usiku nini kinatokea. Zamani ulikuwa unasikia kilio unatoka, leo tunakodi kila kitu, turubai la kukodi, viti vya kukodi, mpishi wa kukodi, hata wa kuosha vyombo wa kukodi, na jirani anakuja kama mgeni mwalikwa anakaa kwenye kiti anaangalia simu. Mimi sisemi kukodi ni dhambi. Ila kazi za msiba ndizo zilikuwa zinatuunganisha, mwanamke anamenya vitunguu na mwanamke asiyemjua, kufikia siku ya kuanua tanga ni mashoga.

Kikundi cha kufa na kuzikana kianze na kazi, hela ije baadaye. Gaweni: nani anapokea taarifa usiku na kuamsha wengine, nani ana gari la kwenda hospitali, nani anajua taratibu za kibali cha mazishi na cheti cha kifo, nani anakaa na watoto wa marehemu wale na walale, maana watoto siku hizo husahaulika kabisa mpaka unamkuta mmoja amelala chini ya meza. Nani anashika daftari la rambirambi. Waislamu na Wakristo wote wawemo kwenye kila kazi isipokuwa zile za ibada zenyewe. Mtu akizikwa siku hiyohiyo baada ya Alasiri na mwingine anasubiri ndugu kutoka Bukoba siku tatu, mtaa ujue namna ya kubeba vyote viwili.

Hela: kiwango kiwe kimoja kwa kila nyumba, kidogo, kinatolewa msiba ukitokea. Msiweke mfuko mkubwa wa kukaa benki mwanzoni. Hela iliyokaa huleta maneno. Na amueni mapema msiba wa nani unahesabika, mwenye nyumba, mke, mume, watoto, wazazi wanaoishi mle ndani, na mpangaji ambaye ni mwanachama naye hivyohivyo. Msipoamua mapema mtakuja kubishania mjomba wa mtu mbele ya jeneza, nimeona kwa macho yangu na sitaki kuona tena.

Hatua ya 9: Kama mnataka kuweka na kukopa

Hii si lazima. Lakini itakuja, kwa sababu akina mama wakishakaa pamoja mara tatu mmoja atasema tucheze mchezo. Upatu wa kuzungushana ni sawa kwa kuanzia, watu wanaojuana, kiasi kidogo, mzunguko mfupi.

Mkitaka kikoba chenyewe, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, ujue mtindo wa vikundi hivi ulianzia Niger mwaka 1991 kwa akina mama wa vijijini, shirika la CARE likausambaza, Zanzibar ukaingia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na akili yake kubwa ni sanduku. Sanduku la chuma lenye makufuli matatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, anayetunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Halifunguliwi mpaka wote wamekaa, hela inahesabiwa mbele za watu na kila mtu anatajiwa salio kwa sauti alikumbuke kichwani. Siku hizi wengi wameweka kwenye simu, sawa, lakini ile ya kuhesabu mbele za watu msiiache.

Na sajilini. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi vya kijamii daraja la nne na vinatakiwa visajiliwe, unaanzia halmashauri, mwoneni ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Usajili huo una faida yake, maana kikundi rasmi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu ndicho kinachoweza kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi 2024, haina riba, na jirani yako mwenye marejesho ya kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kila asubuhi atakushukuru.

Onyo: usichanganye sanduku la kikoba na hela ya msiba. Kamwe. Mtu akishindwa kurejesha mkopo ataacha na kuzika watu.

Hatua ya 10: Mwende mkutano wa mtaa mkiwa kundi

Kijijini mkutano mkuu unatakiwa kila baada ya miezi mitatu na mjini nako kuna mikutano ya wakazi wa mtaa, na pale ndipo taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kusomwa. Ulizia tarehe ofisi ya mtendaji. Nendeni hata watu kumi na tano, kaeni mbele, msiende kugombana. Mkiwa mmezoea kusomeana hesabu za kifusi mtauliza kwa utulivu kabisa, "tunaomba kusomewa mapato na matumizi ya robo hii," alafu mnakaa kimya. Kimya hicho kina nguvu. Mwenyekiti naye ni binadamu, alichaguliwa Novemba 27, 2024 kama wenzake wote, mara nyingi anaongoza mtaa wenye watu maelfu na kikaoni wanakuja thelathini, akiona sura mpya anafurahi kuliko mnavyofikiri.

Yatakayowasumbua

Siasa. Kuna mtu ataona kundi limekua atake kuligeuza mtaji wa udiwani. Wekeni mapema, anayegombea anaachia nafasi yoyote ya kushika hela au kuongoza, anabaki jirani. Hakuna cha kumchukia.

Mwenye hela nyingi anayetaka kulipia kila kitu peke yake. Huyu ni hatari kuliko asiyetoa, na huwa hana nia mbaya. Akilipia kifusi chote wengine wanarudi ndani. Mwambieni atoe sawa na wengine, akizidiwa na baraka anunue masufuria.

Vijana wa kijiweni. Wengi wanawaza ulinzi shirikishi ni wa kuwakamata wao. Waiteni kwenye kazi ya kwanza kabisa, kabla ya kuongelea vibaka. Sisi wawili wao ndo wanaoshika funguo za stoo sasa hivi.

Na wewe mwenyewe utachoka, hasa mwezi wa tano hivi, ukituma ujumbe wanajibu watu wanne. Pumzika wiki tatu. Ikifa ukiwa umepumzika ujue ilikuwa yako peke yako, rudi hatua ya 2 na nyumba mbili.

Masufuria

Mwisho nigusie vifaa maana ndo vinavunja vikundi vingi kuliko wizi wa hela. Mkipata masufuria makubwa, mabeseni na sahani zenu wenyewe, pakeni rangi ya mafuta chini, alama moja, sisi tumeweka duara jekundu. Kila kinachotoka kiandikwe, kimetoka kwa nani, saa ngapi, sufuria ngapi na mifuniko mingapi, hasa mifuniko, sijui huwa inaenda wapi. Atakayerudisha aoshe mpaka masizi yatoke kabla ya kupokelewa. Na visikae kwa mtu mmoja mwaka mzima, vihame kila baada ya miezi mitatu. Zamu hii viko kwa mama wa Vitz, ukipita jioni utaona vimefunikwa na khanga pale barazani, geti liko wazi.